Linki mia tano kwa laki mbili: ninunue?

Swali: Assalamu alaykum. Mimi na mume wangu tuna nyumba ndogo ya wageni hapa Chake Chake, Pemba, vyumba sita. Tunawapeleka wageni Kidike kuangalia popo, Misali kwa boti, na Msitu wa Ngezi. Tovuti tunayo kwa miaka kadhaa. Mwaka jana tulibadilisha anwani, tukaiacha ile ya zamani tukachukua ya .co.tz. Tangu hapo mtu akitafuta Google hatuonekani, zinatokea kampuni kubwa za kuwekea nafasi tu. Sasa kuna kijana ametuandikia WhatsApp, anasema atatuwekea linki mia tano kwenye tovuti za watu kwa shilingi laki mbili, na baada ya mwezi tutakuwa ukurasa wa kwanza. Mtoto wa dada yangu naye anasema linki siku hizi hazina kazi, tuweke picha Instagram basi. Tumsikilize nani?

Jibu: Waalaykumu salaam, dada yangu. Hizo laki mbili usizitoe. Na huyo mtoto wa dada yako mwambie linki bado zina kazi, ila haziko kama zilivyokuwa miaka ile. Kwenye swali lako kuna jambo umelipitia haraka, nalo ndilo lililonishtua zaidi kuliko huyo kijana wa WhatsApp: kubadilisha anwani. Nitafika huko. Kwanza nikueleze linki, yaani yale maneno ya kubonyeza yanayompeleka msomaji kwenye ukurasa mwingine, inafanya nini, ili akija mwingine na ofa yake uweze kuipima mwenyewe.

Kabla ya Google, mashine za kutafutia kama AltaVista, iliyofunguliwa mwishoni mwa 1995, zilitegemea mno maneno yaliyomo ndani ya ukurasa. Aliyejaza maneno yake mara nyingi alipanda juu, awe anasema kweli au hasemi. Mwaka 1996 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, Larry Page na Sergey Brin, walianza mradi walioupa jina la BackRub. Wazo lao walilitoa kwenye desturi ya wanavyuoni: andiko linalotajwa na waandishi wengi, khasa wale ambao wao wenyewe wanatajwa sana, aghalabu lina uzito. Basi wakaihesabu linki kuwa ni kutajwa. Kanuni yao wakaiita PageRank, na mwaka 1998 wakafungua kampuni ya Google.

Ni kama tunavyofanya mtu akija kuposa. Wazee hawahesabu watu wangapi wamemsifu kijana. Wanauliza waliomsifu ni nani, wanakaa naye wapi, wamemjua tangu lini. Neno moja la sheha wake au la imamu wa msikiti anaosali linatosha kuendeleza mazungumzo, na watu hamsini waliookotwa gatini Mkoani wasiomjua hata jina hawamuongezei kitu.

Kwenye PageRank jambo hilo limewekwa kwa hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Page na Brin walimfikiria mtu anayezurura mtandaoni, anabonyeza linki moja baada ya nyingine bila mpango. Katika kila mara 100, mara 85 anafuata linki iliyo mbele yake, na mara 15 anachoka anarukia ukurasa mwingine kabisa. Ukurasa wenye thamani ya 1 basi una 0.85 ya kugawa, na unaigawa sawasawa kwa kila linki inayotoka. Ukiwa na linki tano, kila mmoja anapata 0.17. Ukiwa na linki 500, kila mmoja anapata 0.0017. Google ya leo inatazama mambo mengi kuliko kanuni hiyo ya mwanzo, lakini mgao huu unafaa kuukumbuka kila unapoahidiwa linki: ukurasa unaomtaja kila anayelipa hauna cha maana cha kumpa yeyote, na mara nyingi wenyewe haukutajwa na mtu pia.

Zipo pia tofauti nyingine ndani ya linki yenyewe. Google inasoma maneno yaliyobonyezwa, na maneno yanayoyazunguka. Mgeni akiandika "tulilala Chake Chake kwenye nyumba ya familia moja, na wao ndio waliotupeleka Kidike jioni", na linki ikawa juu ya maneno hayo, Google inapata kujua nyie ni kina nani na mko wapi. Linki iliyowekwa juu ya "bonyeza hapa" haisemi kitu. Na linki mia tano zote zimeandikwa "hoteli bora Pemba", zote zimezaliwa wiki moja, kwenye tovuti za kamari, za dawa za kupunguza uzito na za vipuri vya magari, hizo zinasema jambo moja tu: zimenunuliwa.

Google hawakukaa kimya na biashara hiyo. Tarehe 24 Aprili 2012 walitoa badiliko lililokuja kujulikana kwa jina la Penguin, na wao wenyewe walisema litagusa takriban asilimia 3.1 ya utafutaji wa Kiingereza. Tovuti zilizokuwa zikiishi kwa linki za kununua zilianguka, na nyingine zilikuwa biashara za watu zenye wafanyakazi wanaotegemea mshahara. Septemba 2016 Penguin ikaingizwa ndani ya mfumo mkuu, ikawa inafanya kazi muda wote, na tangu hapo mwelekeo wake ni kuzipuuza linki mbovu zaidi kuliko kuishusha tovuti nzima. Kwa hiyo jambo litakalowafika mkimlipa huyo kijana huenda lisiwe adhabu. Huenda pasitokee chochote. Linki zitawekwa, atakutumieni orodha ndefu, Google itazipita kama hazipo, na laki mbili ndiyo imekwenda. Adhabu nayo ipo bado, inayotolewa na wafanyakazi wa Google wenyewe baada ya kuikagua tovuti, na ujumbe wake huja ndani ya Search Console, chombo cha Google cha mwenye tovuti kuangalia hali ya tovuti yake. Kutoka humo ni kazi ndefu. Nyumba ya vyumba sita haina sababu ya kujiingiza kwenye hatari hiyo.

Mtoto wa dada yako naye ana chembe ya ukweli. Mwaka 2016 mfanyakazi mmoja wa Google, Andrey Lipattsev, alizitaja linki kuwa miongoni mwa mambo matatu makubwa yanayopanga majibu. Mwaka 2023 mwenzake Gary Illyes alisema linki hazimo tena katika yale matatu ya juu, na kwamba watu wanazipa umuhimu kuliko unaostahili. Hakusema zimekufa. Google bado inazitumia kugundua kurasa mpya na kupima nani anaaminika katika jambo gani. Ninavyoona mimi, kwa biashara ndogo kilichobadilika ni kwamba wingi umepoteza thamani na uhusiano umebaki nayo. Linki tatu kutoka kwa watu wanaoijua Pemba zinatosha kukupelekeni mbali katika utafutaji wa mambo ya Pemba.

Kuhusu Instagram, wekeni picha, wageni wanazipenda na wengine watakuja kwa ajili yake. Ila msizihesabu kuwa ni linki. Tangu Januari 2005 kuna alama inayoitwa nofollow, ambayo mwenye tovuti huiweka kwenye linki kuiambia Google kwamba yeye hamthibitishi anayetajwa. Mitandao mikubwa ya kijamii huiweka kwenye linki za watumiaji, na Wikipedia vilevile. Septemba 2019 ziliongezwa alama mbili, sponsored kwa linki iliyolipiwa na ugc kwa iliyowekwa na wasomaji, na Google ikasema kuanzia hapo zote itazichukulia kama dokezo, si amri.

Sasa tuje kwenye anwani.

Nyinyi mna miaka kadhaa ya kupokea wageni. Katika wageni hao, nina hakika wapo waliorudi kwao wakaandika: mwanafunzi aliyekuja kutafiti matumbawe, mpiga mbizi, familia iliyozunguka visiwa. Walipoandika waliweka linki, na linki hiyo inaelekea kwenye anwani ya zamani. Mlipoiacha anwani ile bila kuielekeza kwenye mpya, kila linki mliyoipata kwa uungwana wenu ilikatika siku hiyo hiyo. Msomaji akibonyeza leo anakuta ukurasa usiofunguka. Google nayo ikifika hapo haioni kitu, na tovuti yenu ya .co.tz inaonekana kama mtoto aliyezaliwa mwaka jana, haijatajwa na mtu.

Fungueni leo akaunti ya kampuni iliyokuuzieni anwani ya zamani muangalie kama bado ni yenu. Kama muda wake haujaisha, lipieni tena, hata kama hamuitumii. Ikiwa umeisha karibuni, ulizeni kama inaweza kurudishwa, kwa sababu anwani nyingi huwa na kipindi cha huruma kabla hazijauzwa kwa mwingine. Hilo la kuuzwa kwa mwingine si dogo. Wapo wanaonunua anwani zilizoachwa ili wazitumie sifa zake kwa mambo yao, na Machi 2024 Google iliandika rasmi katika masharti yake kwamba huo ni udanganyifu. Lakini sharti la Google halitamzuia mtu kuweka ukurasa wa kamari kwenye anwani ambayo wageni wenu bado wanayo kwenye email zao.

Mkishaipata, mwambieni fundi wenu aweke uelekezaji wa kudumu, ule wa namba 301. Msisitizeni kwamba kila ukurasa wa zamani uelekezwe kwenye mwenzake mpya: wa Misali uende wa Misali, wa vyumba uende wa vyumba. Mafundi wengi hufanya njia ya mkato, wanazielekeza kurasa zote kwenye ukurasa wa mwanzo. Aliyefuata linki ya popo anatupwa kwenye picha ya sebule, na Google inaweza kuuchukulia uelekezaji huo kana kwamba ukurasa haupo. Halafu muingie Search Console, ni bure, muweke anwani zote mbili, mtumie sehemu yake ya kuijulisha Google kuwa tovuti imehama. Uelekezaji usiondolewe, Google wenyewe wanashauri ukae angalau mwaka mmoja, na mimi ningesema ukae madhali mnaweza kuilipia anwani.

Humo humo Search Console mna ripoti ya linki. Itakuonyesheni tovuti gani zinakutajeni, na ukurasa wenu upi unatajwa zaidi. Isomeni polepole. Mtakuta majina ya wageni mliowasahau. Wale waliokutajeni kwa urefu waandikieni, mshukuru, mwaombe waibadilishe anwani ndani ya maandishi yao. Mtu aliyelala kwenu akala pweza wa nazi mezani kwenu hatakataa.

Ikiwa anwani ya zamani imeshakwenda moja kwa moja, basi kuwaandikia watu hao ndiyo njia iliyobaki. Tafuteni Google jina la nyumba yenu likiwa ndani ya alama za kunukuu. Mtawapata waliokutajeni kwa jina bila linki yoyote, na hao nao wanaombeka.

Baada ya hapo linabaki swali ambalo wauza linki hawaliulizi kamwe: mtu akitaka kukutajeni, ataelekeza wapi? Nimezipitia tovuti nyingi za nyumba za wageni, Unguja na Pemba. Karibu zote zinasema karibuni peponi, huduma bora, bei nafuu, wasiliana nasi. Hakuna mwandishi anayeweka linki kwenye maneno hayo, kwa sababu hayamsaidii msomaji wake. Na nyie mna kitu ambacho dunia nzima haina. Popo wale wakubwa wa Pemba hawapatikani penginepo popote. Miaka ya nyuma walipungua hadi kukaribia kutoweka, na wakaongezeka tena kwa sababu wanavijiji waliacha kuwawinda wakaanza kuwalinda. Watafiti wanaandika juu yao, wapenzi wa wanyama wanaandika, watembezaji wanaandika, na wote wanahitaji ukurasa mmoja wa kuaminika unaoeleza namna ya kufika kuwaona.

Andikeni ukurasa huo. Mtu akiwa Chake anashika gari gani ya kuelekea Wete, anashuka wapi, anatembea kiasi gani hadi mitini. Kiingilio ni kiasi gani, na fedha inakwenda wapi kijijini. Saa gani ni nzuri, na jua likikaribia kutua wanaanza kufanya nini. Kwa nini mgeni asipige makofi wala kutupa jiwe ili waruke. Chini yake andikeni tarehe ambayo bei na maelezo yamehakikiwa, na mkihakiki tena mbadilishe. Ukurasa wa Misali mfanye vivyo hivyo: boti inatoka wapi, maji yakipwa mnafanyaje, kusi likivuma ni siku gani hamuendi hata mgeni akikasirika. Haya mnayajua kwa kichwa. Kampuni kubwa ya kuwekea nafasi, yenye ofisi yake Ulaya, haiyajui na haitayajua.

Uandikeni kwa Kiingereza kwa sababu ya wageni, na kwa Kiswahili pia. Ya Kiswahili juu ya mambo haya ni machache mno, ilhali mtu wa Dar es Salaam au Tanga anayetaka kuja kutembea na familia anatafuta kwa Kiswahili. Mwalimu wa skuli akitaka kuwapeleka wanafunzi wake Kidike atautumia, na ataupeleka kwa wenzake. Ndani ya ukurasa wekeni linki inayokwenda kwenye vyumba vyenu, ili thamani iliyoingia kwa popo iwafikie na nyinyi.

Ukurasa ukiwa tayari, ndipo mnapoomba. Muombeni anayewajua. Makampuni ya Unguja yanayokuleteeni wageni, shule za kupiga mbizi, watafiti waliolala kwenu, walimu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wanaoshughulika na utalii au bahari, Kamisheni ya Utalii ikiwa mmesajiliwa nayo. Barua iwe fupi na iseme jambo moja. Mfano:

"Assalamu alaykum. Kwenye ukurasa wenu wa safari za Pemba mmeandika kuwa mgeni anaweza kwenda Kidike, lakini hamkueleza njia. Sisi tunawapeleka wageni huko, na tumeandika maelezo ya gari, saa na kiingilio, tumeyahakiki mwezi huu. Mkiona yanawafaa wasomaji wenu, ukurasa ni huu. Na kama kuna kosa ndani yake tuambieni tulirekebishe."

Hakuna kubembeleza humo wala malipo. Wengine hawatajibu. Msiwatumie barua hiyo hiyo watu mia kwa pamoja, maana ikishakuwa hivyo itasomwa kama matangazo. Na mwenye nyumba ya wageni mwenzenu kule Jambiani au Wete, mnayepelekeana wageni kweli kweli, hakuna ubaya yeye akutajeni na nyie mumtaje. Kinachokatazwa ni kupanga nipe nikupe na tovuti thelathini msizozijua.

Jambo moja linawaponza wenye nyumba za wageni wengi bila kujua. Anakuja mtu mwenye wafuasi mtandaoni, anaomba alale bure siku tatu, na yeye ataandika na kuweka linki. Mkikubali, hiyo kwa Google ni linki iliyolipiwa, kwa kuwa chumba kina bei. Si kosa kumpokea, wala si kosa yeye kuandika. Linki hiyo tu iwekewe alama ya sponsored au nofollow. Mwambieni kabla hajafungua begi.

Zimebaki zile kampuni kubwa. Kwa neno kama "hoteli Pemba" msishindane nazo. Zina linki zisizo na idadi kutoka kila pembe ya dunia, na biashara yao ni kumfanya mgeni alipie kwao, kwa hiyo hazitakupelekeeni mtu kwenye tovuti yenu. Mahali mnapoweza kusimama mbele yao ni kwenye maswali madogo ya mtu aliyekwisha kuamua kuja: namna ya kufika Kidike, boti ya Misali mwezi wa saba, pa kulala karibu na makumbusho ya Chake. Na kwenye ramani. Google imeeleza kuwa majibu ya ramani hupangwa kwa kutazama kama biashara inahusiana na alichotafuta mtu, iko umbali gani naye, na inajulikana kiasi gani, na katika hilo la kujulikana zimo linki, makala na maoni ya wageni. Kama hamjaichukua nafasi yenu kwenye ramani, ichukueni, na jina, simu na anwani ya tovuti viwe vile vile mlivyoviandika kila mahali.

Msitarajie mwezi mmoja. Google ikishaufuata uelekezaji itachukua wiki kadhaa, pengine zaidi, kuhamisha yote, na linki mpya nazo huchukua muda wake. Kila baada ya wiki mbili fungueni Search Console kwenye ripoti ya utendaji muangalie maneno gani yaliwaleta watu. Mtakapoanza kuona watu wanaingia kwa "Kidike" na "Misali" badala ya jina la nyumba yenu peke yake, niandikieni mnitumie orodha hiyo tuangalie ukurasa upi uandikwe baada ya huo.